Wazee Waliohamia Ukutani

Binti yangu ameamua sebule yangu ipakwe rangi. Hakuniuliza. Alikuja na fundi, fundi akaja na ngazi, na mimi ninayejulikana mtaa mzima kwa kutotoka nyumbani nikajikuta nimefukuzwa kwenye kiti changu mwenyewe, nimekaa barazani kama mtu aliyekuja kuomba chumvi. Fundi akashusha kila kitu: kalenda, saa iliyokufa, picha ya harusi ambayo ndani yake bado nina kiuno. Mwisho akashusha ile picha kubwa ya magofu. Alipoigeuza ikatoa harufu. Vumbi, moshi wa kuni, na kitu kingine kichachu kidogo, kama kibuyu cha uji kilichosahaulika. Nikainuka. Nikajifanya nakwenda kuangalia chai.

"Mama, hii ni Ulaya, eh?" fundi akaniuliza, akifuta kioo kwa kiganja.

"Ni kwetu," nikasema.

Binti yangu akacheka. Amezoea. Anadhani ni uzee.

Ninyi wa rika langu, mliowahi kumwona baba yenu amekaa juu ya nyumba akiiezua kwa mikono yake, hamtahitaji maelezo marefu. Wengine wavumilie.

Kwetu kulikuwa ndani kabisa, mbali na senta ya Didia, mahali ambapo jirani unamwita kwa kupiga ukelele na anakujibu ukiwa umeshasahau ulichotaka kumwambia. Mji wetu, yaani boma letu, ulizungukwa na ua wa minyaa, na ng'ambo ya ua kulikuwa na mtama, pamba, kisha mbuga mpaka mwisho wa macho. Baba alifanya kazi Mwadui, kwenye nyumba za wazungu wa mgodini, akirekebisha milango na madirisha, na nyumbani alionekana mara moja moja. Mama alikuwa shambani tangu alfajiri. Mimi nilikuwa wa Bibi, mama yake Baba. Watoto wenzangu walikwenda kuchunga, walikwenda lamboni kuogelea kwenye tope. Mimi nilikaa nimeshika pindo la kaniki ya Bibi. Mama alikuwa akipita na jembe begani anasema, "Mtoto huyu ataota mizizi hapo." Bibi anamjibu, "Aote. Nitamwagilia."

Katikati ya uwanja wetu kulikuwa na vijumba vya wazee. Mnavijua: vijumba vya nyasi, vimo vyao magotini, na mlango wa kupita kifaranga. Mara kwa mara Bibi aliinama mbele yavyo, akanyunyiza unga wa mtama uliokorogwa na maji, akazungumza nao kwa sauti ile ile aliyotumia kugombana na kuku. Nilipomuuliza ni vya nani, aliniambia, "Humu wanakaa wazee wetu." Basi. Hakuongeza neno, na mimi sikuuliza la pili, kwa sababu nilikuwa nimeshaelewa. Mtu akifa anapunguzwa. Anapunguzwa mpaka anakuwa saizi ya kidole, ili aenee mle ndani. Jambo hilo halikunitisha hata kidogo. Lilinipendeza kama jambo lililopangwa vizuri. Nilimhurumia tu Guku, yaani babu yangu, ambaye sikumkuta hai. Walisema alikuwa pande la mtu, mwenye fimbo na amri nyingi. Nikawaza jinsi alivyokunja magoti mle ndani.

Kisha tukaambiwa tuhame. Watu wakae karibu karibu, kando ya barabara, penye shule na zahanati na bomba. Mambo mazuri, wala siyabishii. Baba akaja kwa ruhusa, akapanda juu ya nyumba, akaiezua: nyasi chini, fito chini, nguzo chini, na milango akaing'oa, kwa sababu miti ilihitajika kule tuendako. Nilisimama ndani ya chumba cha Mama nikatazama juu, nikaona kunguru akipita. Nilicheka. Nilidhani ni mchezo wa siku moja.

Jioni, mkokoteni wa ng'ombe umeshajaa, Bibi akasema yeye haendi.

"Mama, kila mtu anahama," Baba akamwambia.

"Kila mtu ana miguu." Bibi akaonyesha vijumba kwa kidevu. "Hawa utawapakia wapi? Juu ya masufuria?"

Baba alikuwa amebatizwa, alikuwa na rozari mfukoni, na alitazama chini kama mtoto. "Tutawajengea vingine kule."

"Umewauliza kama wanataka?"

Baadaye walikuja viongozi wa kijiji kumbembeleza, na nasikia aliwapa viti, akawapa maziwa, akawaambia, "Andikeni kwamba nimekufa. Nikifufuka nitakuja kuripoti." Wakanywa maziwa wakaondoka. Akabaki na jiko lake dogo, ambalo Baba alikosa moyo wa kuliezua, na mbuzi wachache, na wazee wake.

Kijiji kipya kilikuwa kimepangwa kwa mistari, kama darasa. Usiku ulimsikia jirani akikohoa, asubuhi ukajua alichokula. Sikuwahi kuzungukwa na watu wengi namna ile, na sikuwahi kuwa peke yangu namna ile. Wenzangu walinizoea haraka, kwa maana ya kwamba walinipa jina. Nilikuwa sitoki mlangoni, basi wakaniita Konokono. "Konokono! Toka tukuone pembe!" Nikichungulia wanapiga makofi. Nikirudi ndani wanapiga makofi zaidi. Mama alinisukuma nje mara kadhaa, nikasimama ukutani mpaka kivuli kikanihama, nikarudi. Jioni nilipanda kichuguu nyuma ya nyumba kutafuta moshi wa Bibi. Moshi ulikuwa mwingi mno, wa kila mtu. Kule kwetu ulikuwa mmoja, na ulikuwa wetu.

Katika hali hiyo Baba akarudi kutoka Mwadui na kitu kikubwa kimefungwa blanketi nyuma ya baiskeli. Mama alitoka mbio akifuta mikono. Mume wa jirani alikuwa ameleta redio wiki ile, na Mama alikuwa ameshachagua pa kuiweka.

Baba akafungua blanketi. Ilikuwa picha. Mzungu mmoja aliyekuwa anarudi kwao alikuwa anagawa vitu, na zamu ya Baba ilipofika kilichobaki kilikuwa hicho.

Mama aliitazama. "Hii ni nini?"

"Picha."

"Naona ni picha. Ya nini?"

"Ya majumba."

"Yamebomoka."

"Kidogo."

"Baba Kabula," Mama akasema taratibu, akimwita kwa jina langu, "juzi tu tumetoka kwenye nyumba zisizo na paa. Wenzako wanaleta redio. Wewe unatuletea nyumba iliyoezuliwa?"

Baba akapangusa fremu kwa mkono wa shati. "Redio inakula betri," akasema. "Hii haili kitu."

Akaitundika ukuta unaotazamana na mlango, nami nikabaki nayo.

Wacha niwaeleze ilivyo, ingawa fundi ameiegemeza hapa mbele yangu na ningeweza kuwaita mje mwone. Ni bonde pana lenye mwanga wa saa kumi na moja, wakati wa kiangazi, vumbi likiwa bado juu. Kuna mto na daraja la mawe. Upande wa kushoto zimesimama nguzo ndefu, nene kuliko mbuyu, na juu yake hakuna kitu, anga tupu. Nyuma yake kuna ukuta mkubwa wenye upinde, na juu ya ukuta yameota majani na mti mzima. Nyumba za kifalme, na hakuna hata moja yenye paa. Halafu, chini kabisa, miguuni pa nguzo, ukisogeza pua mpaka kioo kipate ukungu, utaona watu. Wadogo. Saizi ya kidole, na kidole chenyewe cha mwisho. Mwanamke ana mtungi kichwani. Mwanamke mwingine amekaa juu ya jiwe, hana kazi. Kuna mbuzi, kuna mbwa. Na mzee mwenye shuka jekundu amenyoosha fimbo, anaelekeza mtu kitu kilicho nje ya picha, upande wa kulia.

Nilipowaona nilikaa chini.

Walikuwa wao. Watu wadogo namna ile wangekuwa nani tena? Nilielewa kila kitu kwa mara moja, kama kawaida yangu. Wazee nao walikuwa wameambiwa wahame. Nao nyumba zao ziliezuliwa, fito zikachukuliwa, wakabaki na kuta. Wakafunga mbuzi wao, wakaja kutufuata, na kwa kuwa hatukuwa tumewajengea vijumba, wakaingia mahali palipokuwa na nafasi. Sikumwambia mtu. Niliwasalimu asubuhi, "Mwangaluka," kama Bibi alivyofanya. Nikaanza kucheza nao. Nilimpa yule mwenye mtungi maji, nilimfokea mbwa. Nje watoto waliita, "Konokono!" na mimi nikawaza: hamjui niko na wageni gani.

Manyunyu ya kwanza yakapita, mvua kubwa zikakaribia. Baba akaenda kumchukua Bibi, akarudi na baiskeli tupu. Niliwasikia wakiongea na Mama jikoni. Jiko la kule lilikuwa linavuja, na ukuta wa nyumba kubwa umeanza kuinama upande wake. Mvua mbili tatu utamwangukia. "Nimemwambia yote hayo," Baba akasema. "Anasema hawezi kuwaacha wazee peke yao. Nifanye nini, nimbebe?"

Nilikuwa nimelala kwenye ngozi yangu, macho kwenye picha. Wazee walikuwa pale juu, wote, na mbuzi wao. Bibi alikuwa anangoja ukuta umwangukie kwa kulinda vijumba vitupu! Na mtu pekee aliyejua hivyo alikuwa mimi, mtoto ambaye alikuwa hajafika hata bombani peke yake.

Kesho yake Mama alipokwenda shambani nikatoka. Waliponiona wale watoto walinyamaza. Nadhani walishtuka kwamba nina miguu. Nilifuata njia ya ng'ombe, nikapita lambo, nikapita mawe makubwa yaliyobebana, nikilia muda wote kwa sauti ndogo ya kujiliwaza. Hakuna kilichonitokea. Hata mbwa hakubweka. Safari ya kishujaa kuliko zote maishani mwangu haikuwa na shahidi, na ndiyo maana hakuna anayeiamini.

Nilipotokea kwenye ua wa minyaa nikasimama. Kuta zetu zilikuwa bado wima, ndefu kuliko nilivyozikumbuka, hazina paa, na juu yake majani yalikuwa yameshaota. Mwanga wa vumbi, mbuzi. Ilikuwa ile picha. Na kule mbali, chini ya ukuta, alikuwepo mtu mmoja amevaa nyeusi, amekaa, saizi ya kidole.

Bibi alikuwa ameshaanza kupunguzwa.

Nikakimbia nikipiga kelele, na kadiri nilivyokimbia akawa anakua, anakua, mpaka nilipomfikia alikuwa saizi yake, ananuka moshi na ugoro, amenishika mabega. "Ng'wanone, mwanangu, nani amekufa?"

"Hakuna," nikasema. "Bado."

Akaniketisha, akanipa maziwa. Nyuma yake niliona vijumba. Katika mji wote ule, vyenyewe tu ndivyo vilivyokuwa na paa. Nikameza, nikamwambia nilichokuja kusema.

"Bibi, wazee hawamo humo. Wamehama."

"Eh! Wamehamia wapi?"

"Kwetu. Wako ukutani."

Bibi hakucheka. Alichukua ugoro, akafikiri. "Wangapi?"

"Wengi. Wana mbuzi na mbwa."

"Nyumba yao ina paa?"

"Haina. Wameezuliwa kama sisi."

Hapo akacheka, akacheka mpaka akashika mbavu, mpaka mbuzi wakageuka kututazama. "Hata wao! Hata wao hawakusamehewa!" Akajifuta macho kwa pindo la kaniki. "Na Guku yako yupo?"

"Mimi simjui sura. Yuko mmoja ana fimbo, anatuma watu."

"Huyo ndiye," Bibi akasema. Kisha akawa anatabasamu tu, kama mtu anayetaka kubadilisha mazungumzo. "Na wewe, huko kijijini kwenye watoto wengi, unacheza na nani?"

"Nacheza nao."

"Nao nani?"

"Hao wazee."

Tabasamu likabaki usoni kwake lakini yeye akawa ameondoka. Alinitazama muda mrefu. Akavitazama vijumba. Akanitazama tena, akaniondolea majani kwenye nywele, moja moja, ingawa sikumbuki kama yalikuwepo mengi hivyo. Halafu akainuka, akazima moto wake kwa maji, jambo ambalo sikuwahi kumwona akilifanya, akakitwaa kigoda chake, akatanguliza mbuzi. "Twende nikawaone," akasema.

Jioni ile Mama alitukuta sebuleni, Bibi amesimama mbele ya picha, pua kwenye kioo. Kilio alichokuja nacho Mama cha kunitafuta mtaa mzima kilimkatikia njiani.

"Huyu mwenye mtungi," Bibi akasema, "ni mama yangu mzazi. Tazama shingo." Kidole kikasogea. "Huyu aliyekaa bure wenzake wakifanya kazi ni mke mwenzangu. Alikuwa hivi hivi. Hata kufa hakukumbadilisha."

"Na Guku?" nikauliza.

Akamtazama yule mzee kwa muda. "Amekonda," akasema. "Lakini ndiye. Ila wamemweka vibaya. Fimbo yake inaelekea jikoni kwa mama yako. Lini Guku yako alijua jiko liko wapi? Mhamisheni, mwekeni ukuta ule."

Baba alipokuja aliona mama yake ameketi ndani ya nyumba yake, akatafuta nyundo. "Hapo jua la jioni litaipiga, Mama," akasema akiwa amekishika kile kitu juu ya kichwa chake.

"Lipige tu. Amezoea jua."

Basi Bibi akakaa. Baba alisema picha haili kitu. Bibi akaanza kuilisha. Mara kwa mara alichovya vidole kwenye unga na maji, akanyunyiza chini ya fremu, mimi nikiwa pembeni, Mama akitazama dari. Hiyo ndiyo harufu aliyoiamsha fundi. Mimi nikapona. Kwa kuwa kulikuwa na mtu wa kurudi kwake, nikaanza kutoka: kwanza mpaka kizingitini, kisha bombani, mpaka jina la Konokono likahamia kwa mtoto mwingine, nasi wote tukampigia makofi, mimi kwa nguvu kuliko wote.

Nilijivuna sana. Kwa miaka mingi nilijua kwamba mimi, kwa akili yangu, nilimshawishi bibi kizee aliyewashinda viongozi.

Kulikuwa na jambo moja tu lililokuwa likinisumbua kuhusu Bibi, nalo ni kuni. Siku nyingine aliaga alfajiri anakwenda kutafuta kuni, akarudi jioni hana hata kijiti. Amechoka, ana nyasi kwenye kitambaa cha kichwani, mikono imechanwachanwa. "Kuni zimekwisha siku hizi," anasema. Mama alinikonyeza: uzee. Nami nikamkonyeza Mama.

Nikafaulu, nikaenda sekondari. Siku moja mwalimu wa historia akafungua kitabu, na nguzo zangu zilikuwa mle ndani. Warumi wa kale, akasema, na magofu yao, ambayo wachoraji wa Ulaya walipenda kuyachora pamoja na watu wadogo ili majumba yaonekane makubwa. Mkono wangu ulikuwa umeshainuka nusu kusema kwamba wale ni wa kwetu. Nikaujongeza nikajikuna kichwa. Nilipokuwa narudi likizo nilipanga kumtania Bibi: kwamba alikuwa akimlisha Mrumi.

Sikumkuta wa kumtania. Alikuwa amelala, hasemi, na baada ya siku chache akafa. Alikuwa amemwambia Baba azikwe kule, kando ya Guku.

Tukaenda. Kuta zilikuwa zimeshalala chini, mvua zimezilamba mpaka zikawa vichuguu, na minyaa imekuwa msitu. Wachimba kaburi walifyeka njia ya kuingilia. Na tulipotokea uwanjani, vijumba vilikuwepo. Vyote. Vimesimama wima, vimefagiliwa milangoni, na nyasi za paa zilikuwa mpya, zimefungwa vizuri, nyingine bado zina ukijani.

Baba akasimama na jembe lake. "Nani amekuwa akifanya hivi?"

Nikakumbuka mikono iliyochanwa, nyasi kwenye kitambaa. Nikakumbuka nilivyomkonyeza Mama. Bibi hakuwahi kuamini hata siku moja kwamba wazee wake wako ukutani. Alijua walipo. Aliwaacha peke yao usiku baada ya usiku, jambo aliloapa hatalifanya, akaja kukaa na mtoto aliyekuwa akicheza na picha. Na kuwalipa wao alitembea njia ile yote kwa miguu ya uzee, anasema anatafuta kuni.

Niliporudi nyumbani niliitazama picha mpaka jua la jioni likaipiga, kama Baba alivyosema. Yule mzee alikuwa amenyoosha fimbo yake, na kwa mara ya kwanza nikafuata ilikoelekea. Ikatoka nje ya fremu, ikapita ukuta, ikapita kichuguu changu nyuma ya nyumba, ikashika njia ya ng'ombe, lamboni, kwenye mawe. Moja kwa moja.

Fundi amemaliza. Sebule inanuka rangi, haina hata harufu moja ya mtu. Ameshika msumari, ananiuliza aitundike wapi. Binti yangu ameshamwonyesha pale juu ya kochi, ndipo inapofaa, amesema, na kweli inafaa. Nimesimama katikati ya chumba nikageuka taratibu, kama mtu aliyepotea kwake mwenyewe, mpaka nikajua Didia iko upande gani.

"Ukuta ule," nikasema.

"Mama, pale jua la jioni litaipiga."

"Lipige tu," nikamwambia. "Amezoea jua."